Filimbi ya Kwenye Picha

Mtoto wa kaka yangu alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa kitandani natafuta nguvu ya kuinuka. Siku hizi naamka mara mbili: kwanza macho, halafu baada ya muda magoti. Akaniamkia, akauliza habari za Louisville, akauliza baridi, akauliza tena habari. Nikajua ana jambo. Mtu wa kwetu akikuuliza habari mara mbili, za kwake si nzuri.

"Sema, baba," nikamwambia. "Nimeshakaa."

"Shangazi, ni mzee. Wanasema anataka kupiga watu."

Mzee ni kaka yangu. Amenizidi miaka sita, na tumbo la mama yetu limebaki na sisi wawili tu. Mwaka juzi alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa na nusu ya mdomo ikalala. Mwanawe na mkewe wanafanya kazi za zamu, mmoja akiingia mwingine anatoka, na hakuna wa kumgeuza wala kumlisha mchana. Basi wakampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee upande wa Lackawanna, kule Buffalo. Huyo kaka hajawahi kumpiga mtu. Hata ng'ombe hakuwapiga. Fimbo aliibeba kama mtu anavyobeba mwavuli siku ya jua.

"Kampiga nani?" nikauliza.

"Bado hajampiga mtu. Ila kila siku alasiri anapaza sauti, anasema 'piga, piga basi!' Wakaweka mkalimani kwenye simu, akawatafsiria. Sasa wazee wengine wanaogopa. Wanataka kumhamishia nyumba nyingine ya watu wakali, milango inafungwa kwa namba. Ni mwendo wa masaa matatu, Shangazi. Mimi huwa napita kumwona nikitoka kazini, dakika ishirini. Masaa matatu nitayatoa wapi? Kikao ni Ijumaa."

"Huyo mkalimani ni mtu wa wapi?"

"Sijui. Anaongea kama redio."

Nikamwambia nakuja. Halafu nikabaki na simu mkononi, nikihesabu safari ilivyo ndefu na mwili ulivyo mfupi. Lakini mtu akifia mahali ambapo hakuna anayemwelewa, amekufa mara mbili. Sikutaka hilo limpate kaka yangu.

Nyumbani mimi ndiye daftari la majina. Wanangu wakitaka kujua jirani wa kwenye kambi ya wakimbizi alikuwa anaitwaje, au mkunga, au yule mtoto aliyekufa kwa kipindupindu kabla hajatembea, wanakuja kwangu, nami nawapa. Jina haliniponyoki. Hapa lakini sitaandika jina la mtu yeyote. Wengine wako hai na hawatapenda, wengine wamekufa na sitaki kuwaamsha. Kuandika kwenyewe nilijifunza ukubwani, kambini, kwenye darasa la watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni. Mwalimu alikuwa akisema herufi zangu zimeinama kwa sababu nazo zimebeba.

Binti yangu, ninayeishi kwake huku Highview, Louisville, anapanga mizigo kwenye ghala la uwanja wa ndege, na ruhusa hakupewa. Akanipandisha basi la kwenda Columbus na karatasi yenye namba za simu, akaniwekea chapati, akaniambia, "Mama, usishuke popote mpaka umwone mjukuu wako kwa macho." Nikalala njia nzima. Nilipoamka nilikuwa nimechoka kuliko nilipopanda.

Mjukuu huyo ni kifungua mimba wa binti yangu. Yuko chuo, na anachosomea ni picha. Si za simu. Picha za rangi walizochora watu wa Ulaya zamani. Baba yake alipoambiwa alikaa siku mbili hasemi, maana yeye alikuwa ameshamtangazia kila mtu kanisani kwamba mtoto atakuwa nesi. Mimi nilidhani atachoka nazo.

Chumba chake kimebandikwa picha ukutani kote. Nikavua viatu, nikakaa kwenye kitanda chake, nikatazama. Kila picha ina kondoo. Kuna mwanamume ameketi kwenye jiwe na filimbi mdomoni, kuna mwanamke wa nguo ya hariri amelala kwenye majani kama vile hakuna siafu. Kondoo mmoja amefungwa utepe shingoni.

"Huyu nani anachunga?" nikamuuliza.

"Huyo hapo, Bibi. Mwenye filimbi."

"Huyo hachungi. Ona, kondoo watatu wameshaingia kwenye shamba la watu. Na miguu yake misafi. Mchungaji gani ana kucha za bwana harusi?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Ni matajiri, Bibi. Wamevalia kama wachungaji. Na hiyo filimbi ni alama."

"Alama ya nini?"

"Ya mapenzi. Na ya pumzi, kwa sababu ukiitoa imekwenda. Zile zeze na vinanda ni vyombo vya mjini, vya wakubwa. Filimbi ni ya porini. Mchoraji akitaka kuonyesha maisha matamu, bila kazi, bila vita, anachora mchungaji, kondoo na filimbi. Ukiona tu, unajua."

"Bila kazi? Kuchunga?"

"Hawakuwahi kuchunga. Walikaa mjini wakatamani."

"Kama sisi hapa," nikasema.

Akanionyesha nyingine, wachungaji wamesimama mbele ya kaburi wanasoma maandishi kwa vidole. Akasema maana yake ni kwamba hata kwenye nchi ile ya raha kifo kimo. Nikamwambia hilo halihitaji chuo.

Jioni akawa anapika wali huku akipiga mluzi. Nikashtuka, nikamwambia aache.

"Mke mwenzangu, kwetu mtoto wa kike hapigi mluzi. Wala hashiki filimbi. Akipiga, anamzika kaka yake."

"Sina kaka, Bibi. Nina wadogo wa kike watatu."

"Una binamu. Acha."

Akaacha, ila akataka kujua nani alinifundisha. Nikamsimulia. Kaka yangu alikuwa anachunga ng'ombe saba wa mtu mwingine. Baba alikabidhiwa kuwatunza, maziwa yetu, ng'ombe si wetu. Nilikuwa namfuata malishoni. Alikuwa na filimbi ndefu ya matundu manne, na siku moja alipokwenda kunywa maji nikaichukua nikapuliza. Haikulia, basi nikajaribu mluzi wa mdomo, ukatoka vizuri. Alirudi mbio, akaniziba mdomo kwa kiganja kilichonuka maziwa, akaniambia, "Unataka nife?" Akanitemesha mate chini mara tatu. Tangu siku ile sijapiga tena. Nimezaa, nimekimbia, nimezika mume na watoto wawili, sijapiga.

"Kwa hiyo unakumbuka kiganja chake," mjukuu akasema.

"Nakumbuka na majina ya ng'ombe wote saba."

Alhamisi asubuhi akanipakia kwenye gari lake tukaenda Buffalo. Njia ni ndefu na haina cha kutazama, theluji chafu tu pembeni, na magari makubwa yanayotumwagia maji ya chumvi kwenye kioo. Mchana tukafika Cheektowaga, kwa mtoto wa kaka yangu. Mkewe akatupa chai, akaniosha miguu kwa maji ya moto bila kuulizwa, na nusura nilale hapohapo. Lakini mtoto wa kaka alikuwa ameshashika funguo. "Twende, Shangazi. Kelele zake zinaanza saa kumi."

Tulimkuta kwenye korido, kwenye kiti cha magurudumu, karibu na dirisha. Nikamwamkia kwa Kirundi, nikashika ule mkono ulio hai. Akanitazama kama mtu anavyotazama kiti. Kisha akageuza uso. Nikafuata macho yake. Mbele yake ukutani ilikuwa imetundikwa picha kubwa.

Mjukuu wangu akashika mdomo. "Bibi, ni wao."

Ni wao kweli. Mchungaji kwenye jiwe, filimbi mdomoni, vidole juu ya matundu. Mwanamke na hariri yake. Kondoo wametawanyika mpaka kule chini kwenye mto, na mbingu ya manjano, ya jua linalotaka kuzama. Labda waliitundika kwa sababu inapendeza na rangi ya ukuta.

Tukakaa. Jua la dirishani likaanza kushuka, mwanga ukawa kama ule wa kwenye picha. Kaka akajiinua kidogo kwenye kiti. Akaita.

Mtoto wa kaka akaninong'oneza, "Ndiyo hivyo. Anaanza na matusi, au anaita wafu, sielewi. Kirundi chake ni cha zamani mno."

Mimi niliposikia neno la kwanza nilijua si matusi. Alikuwa anaita yule ng'ombe wa mbele, ambaye jina lake maana yake ni kwamba mvua ilimkuta akiwa amesimama na ikamwacha amesimama. Akaita wa pili, mwenye mwezi kwenye paji. Akaita wa tatu, asiyesukumwa. Aliwaita kwa mpangilio wao wa njiani, hakuruka hata mmoja, na mdomo wake nusu ukiwa umelala. Mtoto wa kaka alizaliwa kambini. Ng'ombe wameitwa wapi naye akasikia? Manesi watajuaje?

Alipomaliza wa saba, akakusanya midomo. Akapuliza. Ikatoka hewa na mate. Akapuliza tena. Hapo nikaelewa yote, hata kabla hajasema. Ng'ombe wa kwetu ukiwaita jina wanainua kichwa tu. Hawaondoki. Wanasubiri filimbi, au mluzi kama huna filimbi, ndipo yule wa mbele anageuka kurudi nyumbani na wengine wanamfuata. Ukiita majina usipige, umewasimamisha kilimani na giza linakuja. Na kaka yangu mkono wa matundu umekufa, mdomo umelala nusu. Kila alasiri anawasimamisha, na hawezi kuwarudisha.

Mbele yake kuna mwanamume mzima, amekaa kwenye jiwe na filimbi mdomoni, hapigi.

"Piga!" kaka akamwambia, kwa Kiswahili. "Piga basi! Unangoja nini, piga!"

"Anamwambia nani, Bibi?" mjukuu akauliza.

"Anamwambia huyo mzungu."

"Mbona kwa Kiswahili?"

"Ni mgeni. Mgeni utamsemesha Kirundi?"

Nikacheka. Nikacheka mpaka nesi mmoja akaja kuniangalia, halafu nikagundua sicheki tena, na mtoto wa kaka ananipa kitambaa.

Ijumaa tukaingia kwenye kikao: mimi, mjukuu wa kutafsiri, mtoto wa kaka akiwa bado na viatu vya kazini, na msimamizi wa nyumba ile, mama mmoja wa makamo, mpole, naye macho yake yamechoka kama yangu. Mbele yake kulikuwa na faili. Mjukuu akasoma, akaniambia wameandika kwamba mzee anaamuru watu wapigwe.

"Mwambie," nikasema, "sisi tunapiga simu. Tunapiga picha. Tunapiga pasi, tunapiga magoti, tunapiga mswaki, tunapiga hodi. Siku nzima tunapiga na hakuna anayeumia. Filimbi nayo inapigwa. Mzee anamwomba yule mtu wa kwenye picha apige filimbi, ng'ombe warudi."

Mjukuu akatafsiri, kwa urefu mno, na mikono. Nilimwona anaeleza hata mambo ya alama. Yule mama akasikiliza, akaandika, kisha akasema jambo kwa upole.

"Anasema anaelewa, Bibi, lakini kelele ni kelele. Wengine wanalia wakimsikia. Akiendelea hivi hawezi kumweka hapa."

"Aje saa kumi aone."

Akaja. Namshukuru kwa hilo. Wengine wangesema wana kazi.

Kaka akaita wote saba. Akakusanya midomo. Mjukuu wangu alikuwa amejiandaa: kwenye simu yake alikuwa ametafuta filimbi ya Ulaya, ya zamani hizohizo za picha. Akaiwasha, sauti nzuri, laini, inapanda inashuka. Kaka akainamisha sikio. Akasikiliza, akasikiliza, kisha akasema kwa Kiswahili safi:

"Huyo analilia mwanamke. Hachungi."

Mjukuu akaizima simu. "Mwalimu wetu alitumia mwezi mzima kutufundisha hilo!"

"Piga!" kaka akamfokea mchungaji. "Piga basi!" Kule mwisho wa korido bibi mmoja mzungu akaanza kulia, na msimamizi akafunga faili lake taratibu. Nililiona lile faili likifungwa. Mtoto wa kaka alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikageukia ukutani, nikatoa meno yangu ya bandia, nikayashika mkononi. Nikamkumbuka mama, nikamwomba anisamehe. Kisha nikapiga. Mara ya kwanza ilitoka hewa. Mara ya pili mluzi ulitoka mwembamba, una tundu katikati, lakini ulikuwa wenyewe: mrefu, mfupi mfupi, halafu mrefu unaoshuka, kama kaka alivyokuwa akiupiga.

Yule bibi mzungu akaacha kulia. Kaka akageuza kichwa, akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Nani anapiga mluzi?" akasema kwa Kirundi. "Mtoto wa kike! Wewe! Unataka nife?"

Akaniita jina langu, lile la utotoni, ambalo hakuna mwingine duniani anayelijua.

"Tema mate," akasema.

"Hapa ni sakafu ya watu, kaka."

"Tema!"

Nikatema kwenye kile kitambaa cha mtoto wa kaka, mara tatu. Akaridhika. Akatazama picha muda mrefu, kule mtoni, kwenye kondoo. Nadhani hakuona kondoo.

"Wamerudi wote?" akaniuliza.

Jioni ile tuliyokimbia, sisi tukiwa na mizigo kichwani tayari, yeye alibaki kilimani akimngoja mmoja, mtamba, wa saba katika mstari. Baba alikwenda kumvuta kaka kwa nguvu. Mtamba yule hakurudi, na wale sita waliorudi tuliwaacha zizini na mlango wazi. Sijui kama kaka, aliponiuliza, alikuwa amesahau au alikuwa ananipima.

"Wote," nikasema. "Saba."

Akafumba macho. Hakupiga kelele tena siku ile. Saa kumi na moja akala uji bakuli zima.

Msimamizi aliandika upya kwenye faili. Mjukuu alimtajia lile neno herufi kwa herufi na maana zake, na wakakubaliana mzee abaki, watazame inavyokwenda. Yule mama akauliza kama waitoe ile picha. Mtoto wa kaka akasema ndiyo, itoke. Nikasema hapana. Ikitolewa, kaka atamlaumu nani? Mtu anahitaji wa kumlaumu, na yule wa kwenye picha hachoki.

Tukarudi. Njiani mjukuu aliongea mpaka Columbus, atakavyoandika haya kwa mwalimu wake, kwamba kuna mtu wa kwao aliyeisikia filimbi ya picha na kuona kasoro yake. Nikamwambia aandike, ila asiweke jina. Mimi nilikuwa nasinzia.

Sasa niko Highview tena. Kila siku saa kumi simu inalia, ni mkwe wetu wa Cheektowaga, au mhudumu mmoja pale, dada wa Kitanzania aliyejitolea, na mara nyingine nesi asiyejua neno letu hata moja, anaiweka tu simu kwenye sikio la mzee. Namsikia anawaita, mmoja mmoja. Naingia bafuni watoto wasinicheke, natoa meno, napiga. Naye kila siku anashtuka upya, "Mtoto wa kike! Unataka nife?" na kila siku natema mate kwenye sinki.

Walisema ukipiga unamzika. Mimi sasa nimepiga zaidi ya wasichana wote wa kilima chetu. Kama mwiko una nguvu, mimi ndiye ninayemchimbia kaburi, kidogo kidogo, ili asipelekwe mbali. Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka kulifikiria. Nina miaka mingi, yeye ana mingi zaidi. Mmoja wetu atamzika mwenzake hata tukinyamaza.

Jana alimaliza wa saba, nikapiga, na upande wa pili kukawa kimya. Nikapiga tena. Kimya. Nilisikia kitoroli cha chakula kikipita kwenye korido yao, na mtu akikohoa. Nikaegemea ukuta wa bafu, midomo imekauka, nikapiga mara ya tatu.

"Nimekusikia," akasema. "Wanakuja. Umezidi kelele."

Nikarudisha meno mahali pake.